Maji ya Ghorofa ya Juu na Haki ya Jirani



Baada ya safu hii kuzungumzia matengenezo madogo ya nyumba kabla ya miezi ya baridi, tulipata swali kutoka kwa mama mmoja anayeishi ghorofa ya mwisho. Anasema maji ya bafuni kwake hutoka mfano wa uzi, na hita aliyoinunua kwa fedha nyingi huwaka siku moja na kukataa siku tatu. Anauliza: je, anunue hita kubwa zaidi, au anunue pampu?

Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini swali hilo niliwahi kujiuliza mimi mwenyewe, nikajijibu vibaya, na jibu langu likamdhuru mtu asiye na kosa. Kwa hiyo nimeona ni afadhali nisimulie yaliyonipata, na katika kusimulia huko dada yetu atapata jawabu la fundi pamoja na jawabu lingine ambalo fundi hatampa.

Mimi na familia yangu tunaishi Arusha, katika nyumba ya ghorofa nne yenye wapangaji wanane, wawili kila ghorofa. Sisi tuko ya juu kabisa. Tangi la maji liko juu ya paa, na sote tunakunywa, tunapika na kuoga kutokana na tangi hilo moja. Wenyeji wa mji huu hawahitaji kuelezwa baridi ya Juni na Julai. Mama yangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka sabini, alihamia kwetu mwezi wa Mei akiwa na maumivu ya magoti. Kila alfajiri mke wangu alikuwa akiamka kabla ya adhana, anachemsha maji kwa sufuria, anayabeba hadi bafuni na kuyachanganya kwenye ndoo ili mama apate kutawadha. Hita tulikuwa nayo ukutani, ile ya kupasha maji papo kwa papo yanapopita, lakini ilikuwa kama pambo.

Nilidhani hita ni mbovu. Fundi wa umeme alikuja, akaipima, akasema ni nzima. Nilidhani fundi hajui kazi. Kumbe aliyekuwa hajui ni mimi.

Ni vema tuelewe kwanza kwa nini anayekaa karibu na tangi ndiye mwenye shida ya maji, ilhali aliye mbali nalo anaoga kwa raha. Maji ya tangi husukumwa na uzito wake yenyewe. Kadiri bomba linavyokuwa chini ya uso wa maji, ndivyo msukumo unavyoongezeka. Mafundi huupima msukumo huo kwa kipimo kiitwacho baa, na maji yenye kimo cha mita 10 hutoa msukumo wa takriban baa 1. Katika nyumba yetu, tangi likiwa nusu, uso wa maji uko kiasi cha mita 2 tu juu ya kichwa cha shawa yetu, maana yake ni baa 0.2. Jirani wa ghorofa ya chini kabisa ana mita 9 zaidi, yaani anapata baa 1.1. Tunakunywa tangi moja, lakini yeye ana msukumo zaidi ya mara tano ya wetu. Na maji yanapopungua tangini, yeye hahisi tofauti yoyote, ilhali sisi tunabaki na nusu ya kile kidogo tulichokuwa nacho.

Sasa tuingie kwenye hita. Hita hizi za papo kwa papo zina utando wa mpira ndani yake. Maji yanapopita kwa nguvu ya kutosha, utando huo husukumwa na kubonyeza swichi, na hapo ndipo umeme unapoingia kwenye koili. Nguvu isipotosha, swichi haibonyezwi. Mtengenezaji amekusudia hivyo kwa usalama, kwani koili ikiwaka bila maji ya kutosha kupita, itaungua. Basi hita ya dada yetu inayowaka siku moja na kukataa siku tatu huenda si mgonjwa hata kidogo. Huenda inamwambia habari za tangi: siku tangi limejaa huwaka, siku limepungua hukataa. Akinunua kubwa zaidi bila kurekebisha maji, atakuwa na pambo kubwa zaidi.

Mimi nilipoelewa hayo nusu, nikakimbilia pampu. Nilinunua pampu ndogo, nikamwita fundi bomba, akaifunga kwenye tawi linaloingia kwetu kutoka bomba kuu linaloshuka kutoka tangini. Kazi ya saa mbili. Tulipofungua shawa maji yalitoka kwa kishindo, watoto wakashangilia, na taa ya hita ikawaka. Nilimpa fundi ujira wake na shukrani juu yake.

Jioni ile ile mama aliniita. "Mwanangu, maji ni mengi, lakini mbona hayana moto?"

Hapo nikajifunza jambo la pili. Hita ina kiasi maalumu cha joto inachoweza kutoa kwa dakika. Hita ya kilowati 5.5, maji yakipita lita 3 kwa dakika, huongeza joto kiasi cha nyuzi 26. Ikiwa maji ya tangi asubuhi ni nyuzi 16, yatatoka na nyuzi 42, na hayo ni maji mazuri ya kuoga. Lakini maji yakipita lita 7 kwa dakika, hita hiyo hiyo huongeza nyuzi 11 tu, na maji yatatoka na nyuzi 27, vuguvugu isiyomfaa mzee katika baridi ya Julai. Pampu yangu ilikuwa imeniondolea tatizo la uchache ikaniletea la wingi. Nikapunguza koki, maji yakapata moto, nikajiona nimemaliza.

Siku kumi na moja baadaye, nikishuka ngazi kwenda msikitini kabla ya Alfajiri, nilikutana na jirani yetu wa mlango wa pili, mjane anayelea mjukuu wake wa shule. Alikuwa anapanda taratibu, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika ndoo. Nyuma yake alifuata mjukuu na kidumu cha lita tano. Walikuwa wanatoka kuchota kwenye bomba la uani.

"Shikamoo mama. Kulikoni na ndoo saa hizi?"

"Marahaba, mwanangu. Maji ya juu yameniishia nguvu. Asubuhi hayaji kabisa, na jioni pia. Usiku wa manane ndiyo yanachuruzika. Nadhani tangi limezeeka, kama mimi."

Nilimpokea ndoo, nikamfikishia mlangoni. Kisha nikabaki pale kwenye ngazi nisijue niende msikitini au nirudi ndani. Tangi halikuwa limezeeka. Asubuhi na jioni ni saa ambazo pampu yangu ilikuwa ikifanya kazi. Tawi lake na tawi langu hutoka kwenye bomba moja, kwa kimo kimoja. Pampu inapovuta, msukumo katika bomba lile hushuka, na yule aliye chini sana bado ana mita zake tisa za kumtetea. Aliyekuwa hana kitu cha kumtetea ni mtu mmoja tu katika nyumba nzima, na huyo ndiye mwenye shida ile ile niliyokuwa nayo mimi.

Chuoni tulihifadhi kanuni za fiqhi, na miongoni mwa zile za mwanzo mwanzo ni ile isemayo kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Niliijibu katika mtihani, nikatoa na mifano. Tena mimi ndiye katibu wa kamati ya msikiti wetu, na tangazo lililobandikwa penye mabomba ya udhu, la kuwataka watu wafunge koki wasiwanyime wenzao maji, liko kwa mwandiko wangu. Asubuhi ile nilipita mbele ya tangazo hilo nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nilizima pampu siku hiyo hiyo. Baada ya swala ya Laasiri mimi na mke wangu tulimwendea jirani, nikamweleza yote bila kuficha. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Ungeniambia tu, mwanangu. Mimi sikuwa na fedha ya pampu, lakini tungezungumza." Hakuongeza neno. Ningeona wepesi zaidi kama angenigombeza.

Tangu hapo nikaanza upya, na safari hii kwa utaratibu ambao ningepaswa kuufuata mwanzoni. Nauandika hapa kwa faida ya dada yetu na ya kila anayeishi juu.

Kwanza, pima. Chukua ndoo ya lita 10 na saa, fungua bomba lote, uhesabu muda wa kujaa. Kwangu ndoo ilichukua zaidi ya dakika 6, yaani hata lita 2 kwa dakika hazikufika. Bila kipimo huwezi kujua kama matengenezo yamesaidia au umejifariji tu.

Pili, uliza kama tatizo ni la bomba moja au la nyumba nzima. Likiwa la bomba moja, fungua kichujio cha mdomoni, na ukivue kichwa cha shawa. Mara nyingi utakuta mchanga, vipande vya kutu, au ukoko mweupe wa chumvichumvi. Ukoko huo huachia ukilowekwa katika siki usiku kucha. Hita nayo aghalabu ina kichujio kidogo maji yanapoingilia. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kukigusa. Changu kilikuwa kimeziba nusu.

Tatu, kagua koki zote kati ya tangi na mlango wako. Koki ya zamani huweza kukatika ulimi ndani. Unaizungusha hadi mwisho ukidhani imefunguka, kumbe ulimi umebaki chini umeziba njia.

Nne, panda ulione tangi, au umpeleke fundi. Boya likikwama, tangi halijai. Tope likikusanyika chini, huingia mabombani. Na angalia ukubwa wa bomba linalotoka. Bomba la nusu inchi likihudumia nyumba kadhaa, au bomba la chuma lililojaa kutu ndani, hula msukumo mdogo uliopo kabla haujakufikia. Anayekaa chini anaweza kuvumilia hasara hiyo. Wewe huna cha kupoteza.

Fundi tuliyempandisha paani alikuta yote mawili ya mwisho: tope la kina cha vidole vinne, na bomba jembamba lenye kutu. Hapo jambo likawa la nyumba nzima, nikaitisha kikao cha wapangaji.

Nisikufiche, msomaji, kikao kilikuwa kigumu. Wa ghorofa za chini walisema, na kwa haki yao, kwamba wao maji wanapata, watoe fedha kwa ajili gani? Mmoja akaniuliza mbele ya wote iwapo ile pampu niliyoifunga kimyakimya nayo nilikuwa nimeitishia kikao. Sikuwa na la kujibu ila kukiri. Ajabu ni kwamba baada ya kukiri, mazungumzo yakawa mepesi. Tulikubaliana hivi: kusafisha tangi ni juu ya nyumba zote nane, kwa kuwa tope lile wote tunalinywa. Bomba jipya la ghorofa ya juu ni juu yetu sisi wawili wa juu. Na kwa kuwa jirani yangu hana uwezo, sehemu yake niliichukua mimi, kwa fedha iliyopatikana kwa kuiuza ile pampu na nyongeza kidogo. Mwenye nyumba, tulipomwendea kwa pamoja, alikubali kugharimia stendi ya chuma ya kuinua tangi, kwani hiyo ni mali ya jengo.

Kuhusu kuinua tangi nawasihi wasomaji wasifanye pupa. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, na juu ya stendi tani hizo husimama juu ya miguu michache tu. Ni lazima miguu hiyo ikae juu ya nguzo au mihimili ya jengo, si katikati ya zege, na mtu mwenye elimu ya ujenzi aikague kabla. Upepo nao usisahauliwe, hususan tangi likiwa tupu.

Tangi letu liliinuliwa mita moja na nusu. Idadi hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini kwetu sisi wa juu kimo cha mita 2 kimekuwa mita 3.5. Kisha likatolewa bomba la pili tangini, la inchi moja, linalohudumia nyumba mbili za juu peke yake, bila kona nyingi. Ndoo ya lita 10 sasa hujaa kwa dakika 3 na sekunde 20. Hiyo ni lita 3 kwa dakika, na ukirejea hesabu ya hita hapo juu, utaona ni kiasi kile kile ambacho maji hutoka na moto wa kufaa. Pampu haikuhitajika.

Je, pampu ni haramu? La hasha. Zipo nyumba ambazo hazina njia nyingine. Lakini ifungwe baada ya kuafikiana na wanaoshirikiana nawe bomba, na bora zaidi ivute kutoka bomba lake lenyewe linalotoka tangini, au kutoka tangi dogo la nyumba yako. Kamwe usiifunge ivute moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Mbali na kuwakausha majirani, mvuto huo huweza kuingiza maji machafu kupitia nyufa za bomba lililo ardhini, nayo yakaja kwenye glasi ya mwanao.

Kwa asiyeweza kupata msukumo kwa njia yoyote, iko hita ya tangi, inayopasha maji na kuyahifadhi. Hiyo haisubiri nguvu ya maji ili iwake, inahitaji tu kuwa chini ya tangi la maji baridi ili ijae. Lakini valvu yake ya usalama isizibwe hata ikidondosha matone, kwani ndiyo inayozuia mtungi kupasuka.

Na kwa hita ya aina yoyote, umeme usifanyiwe mzaha. Hita ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 24. Haifai kuunganishwa na waya wa soketi ya kawaida. Iwe na waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu, iwe na waya wa ethi ulio hai, na iwe na kifaa cha kukata umeme mara unapovuja. Fundi awe mwenye leseni. Mtu anayeoga amesimama ndani ya maji akiwa peku, na kosa dogo la waya haliwezi kumpa nafasi ya pili.

Mwisho, tukumbuke kwamba udhu wenyewe hauhitaji kishindo. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo haifiki hata lita nzima. Mama yangu hakuhitaji mafuriko. Alihitaji maji kidogo yenye uvuguvugu, na mke wangu alihitaji kupumzika na sufuria. Mimi niliyatafuta makubwa kuliko haja, nikayatafuta peke yangu, na upungufu ukaenda kuangukia mlango wa pili.

Basi dada yetu, kabla ya kununua hita kubwa au pampu, pima ndoo yako, safisha vichujio vyako, panda paani na fundi. Na kabla ya hayo yote, bisha hodi kwa jirani wa mlango wa pili, umuulize kwake maji yanatokaje.

Wabillahi tawfiq.